Vumbi la Mjomba Ludger

Mjomba wangu Ludger Pinette haamini kitu asichokishika mwenyewe. Ukimwambia umefunga mlango, atainuka ausukume. Mkate wa dukani anaubonyeza kwa chini, kwa sababu juu ndiko wanakoupendezesha. Na dereva akimwambia ametia grisi kwenye pini za lori, vile vyuma vinavyoshika viungo vyake, mjomba anainama. Anaingia uvunguni, anachomeka kidole, anatoka, anamwonyesha dereva kidole. Kikiwa kikavu, siku hiyo usimkaribie.

Kwa miaka thelathini na minne amekuwa fundi wa malori ya kijiji chetu ya kuondoa theluji barabarani, huku Témiscouata kwenye baridi ndefu. Malori ni manne. Kila moja lina jembe kubwa mbele, bawa la chuma ubavuni la kukwangua ukingo wa barabara, na nyuma linamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu. Mjomba huisema hiyo chumvi kama mtu anavyomsema jirani mwizi. "Haina haraka," huniambia. "Inajibanza kwenye kona, inalowa, inangoja ujisahau. Ukirudi, pini na tundu lake vimeshakuwa kitu kimoja kwa kutu."

Nyumba yetu inatazamana na gereji. Tangu niache shule nimeyaona mengi kwenye dirisha la jikoni, na nisiyoyaona nimeyasikia, maana mjomba hajui kunong'ona.

Kila Oktoba, baada ya siku tano au sita bila mvua, alikuwa anapulizia mafuta uvunguni mwa lori zima: kwenye chesisi, ndani ya milango, kwenye kila pini na kila bolti. Kisha aliondoka nalo peke yake. Hakumpa dereva yeyote. Alirudi baada ya saa nzima, lori chafu kuliko tingatinga la shambani, na yeye kope zimekuwa nyeupe. Ukimuuliza alikuwa wapi, alikuuliza wewe una haja gani. Hata mimi nilimshuku. Nilidhani ana mtu anayempelekea kokoto za wizi, au mwanamke.

Bosi mpya wa gereji, Maryse Soucy, alikuja kiangazi kimoja. Mwanamke wa miaka arobaini, mwembamba, anatembea na kalamu nyuma ya sikio. Oktoba alimwona mjomba akitoka na Namba Moja, siku ya pili akamwona akitoka na Namba Mbili. Siku ya tatu alimngoja getini.

"Mzee Ludger, lori linakwenda wapi?"

"Linakwenda mbele."

"Sijauliza upande. Nimeuliza mahali."

"Basi ungeuliza mahali."

Akapandisha kioo akaondoka na Namba Tatu. Maryse akabaki ameshika kalamu yake, na niliona kabisa kwamba jambo lile halitaishia pale.

Siku ya Namba Nne nilimwomba mjomba twende wote. Alinitazama sana. "Nani kakutuma?"

"Hakuna mtu."

"Panda. Usiguse kitu."

Tukaenda hadi barabara ya Safu ya Sita, ile ya udongo inayopita katikati ya mashamba ya viazi. Pale akaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mwendo wa kusindikiza maiti. Vumbi likainuka mpaka nikaacha kuona miti. Mafuta yalikuwa bado yanadondoka chini yetu na vumbi linayanasa. Hapo ndipo nilipoelewa, bila kuambiwa. Hakukuwa na kokoto wala mwanamke. Alikuwa analivisha lori koti la kulikinga na chumvi.

"Unaiona gari nyeupe kule nyuma?" akasema.

"Naiona."

"Usigeuze kichwa, mtoto wewe! Ni yule bibi. Katumwa na mkandarasi wa ng'ambo ya ziwa. Wanataka kazi yetu ya theluji, na kwanza lazima wanitoe mimi."

"Labda anataka kujua tu."

"Anayetaka kujua hajifichi nyuma ya ghala la viazi. Kikombe cha altare!" Mjomba akitukana hutukana kwa vitu vya kanisani, kama watu wote wa kwetu.

Tuliporudi tukakuta uwanja umejaa mvuke. Maryse alikuwa ametutangulia kurudi, na vijana aliowaita walikuwa wanaosha kwa maji ya moto na sabuni. Baraza la kijiji lilikuwa linakuja Ijumaa kukagua malori, naye alipoyaona meusi, yamejaa tope la mafuta, alidhani ni uzembe wa fundi. Namba Moja, Mbili na Tatu zilikuwa zimeshasafishwa. Ziling'aa. Nilimwona mjomba akilitazama bawa la Namba Mbili, chuma kitupu, na mdomo wake ukabaki wazi.

"Umezivua nguo," akasema.

"Nimezisafisha. Sasa hiyo Namba Nne."

Mjomba akarudi ndani ya lori, akafunga milango yote miwili, akatoa chapati zake za ngano nyeusi akaanza kula. Vijana wa kuosha wakacheka. Maryse akagonga kioo.

"Shuka, mzee!"

"Nakula."

"Unajua nitaandika barua?"

"Andika. Uwaandikie na waliokutuma."

"Walionituma akina nani?"

"Unawajua."

Ikaanza mvua, vijana wakaondoka kabla ya kuigusa Namba Nne, na mvua ile ikageuka theluji siku ya pili. Chuma kilicholowa hakipokei mafuta tena, kwa hiyo zile tatu zikabaki uchi. Barua ikaandikwa kweli. Mjomba akanyang'anywa funguo za gereji na kupelekwa kuchunga tanuri la kupasha joto ukumbi wa kijiji, mpaka baraza likae Februari na kuamua kama atastaafishwa. Kazi ya grisi akapewa Yvan Boutot, dereva wa Namba Mbili, mtu mchangamfu, kila kitu kwake tayari.

"Umetia grisi kwenye bawa?" mjomba alikuwa akimuuliza kwa kupaza sauti toka upande wetu wa barabara.

"Nimetia, mzee wangu! Tele!"

"Tele wapi? Juu ya pini au ndani?"

"Kwenye pini, mzee! Kwani we' unataka niilambe?"

Mjomba alirudi ndani akakaa dirishani, maana tanuri lilimtaka asubuhi na jioni tu. Majira yale ya baridi hakulala mchana hata siku moja. Alihesabu nani anaingia gerejini na nani anatoka, na akiona gari nyeupe aliniita nimsaidie kutazama. Usiku niliwaza: wakimstaafisha, atamshuku nani? Nitabaki mimi.

Januari ikaja dhoruba ya siku tatu. Siku ya tatu saa sita mchana, tunakunywa supu ya njegere, Maryse akagonga mlango. Theluji ilikuwa imemganda kwenye nyusi.

"Mzee Ludger, bawa la Namba Mbili limekwama. Haliinuki. Yvan yuko kwenye daraja la mto, hawezi kupita nalo likiwa limekunjuka, na ng'ambo ya daraja kuna familia nane. Lori la maziwa halijafika huko tangu juzi."

Mjomba akaendelea na supu. "Mwiteni mkandarasi wenu."

"Mkandarasi gani? Kwa jina la Mungu, mkandarasi gani?"

"Mnataka niguse pini, ivunjike, halafu Februari mseme Ludger ndiye aliyeivunja."

"Nitasema nilikuwepo."

"Kuwepo wapi? Ndani ya gari yenye joto?" Akaweka kijiko chini. "Utaingia uvunguni na mimi. Utaona kila nyundo inapopiga."

Nilidhani Maryse atakataa. Akaniuliza mimi kama kuna buti kubwa kidogo nimwazime.

Kule darajani walilala juu ya turubai, mjomba na kichomeo cha gesi, Maryse akiwa na nyundo ya akiba na uso mwekundu. Walipasha moto, wakapiga, wakamwaga mafuta, wakapasha tena. Saa moja na nusu. Yvan alikuwa ananyanyua miguu kwa baridi. "Lakini nilitia grisi!" akasema mara nne. Mwishowe pini ikatoka ikipiga kelele. Ilikuwa nyekundu yote kwa kutu, imechubuka kama mti ulioliwa na mchwa. Grisi ya Yvan ilikuwa imekauka juu yake kama kofia.

Namba Nne ilikuwa imefika kusaidia. Mjomba akamwambia dereva alilaze bawa chini, akaipiga pini ngumi moja tu, ikateleza ikaingia kiganjani mwake. Akampa Maryse. Ilikuwa nyeusi, inateleza, ina utando wa manjano.

"Hiki nini?"

"Vumbi la Safu ya Sita. Mafuta yakiwa peke yake yanadondoka. Vumbi linayashika. Wiki moja ya mwendo, yanakuwa ngozi."

Maryse akaisugua kwa kidole gumba. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza getini! Ukaniambia lori linakwenda mbele!"

Yvan akaangua kicheko, akajifanya anakohoa. Mjomba alitazama mto. Akafuta nyundo kwa mkono wa koti.

"Nilidhani umetumwa," mjomba akasema.

"Na mimi nilidhani unaiba."

Siku ya baraza alikwenda Maryse peke yake. Mjomba alikataa kwenda. Alisema mtu akienda kujitetea ameshakubali kosa. Alikaa dirishani na kofia kichwani. Saa nane gari nyeupe ikasimama mbele ya nyumba yetu, Maryse akashuka, akasema barua ameiondoa yeye mwenyewe na baraza halikuwa na la kuongeza. Akamwekea funguo mezani.

"Nani alipinga?" mjomba akauliza.

"Hakuna."

"Lazima kuna mmoja."

"Mzee Ludger, malori mawili hayajatolewa pini bado."

Wakavuka barabara. Nilipowapelekea kahawa saa kumi walikuwa chini ya Namba Tatu, Yvan amechuchumaa pembeni, nao soli za buti tu ndizo zinaonekana, za mjomba na zile nilizomwazima Maryse.

"Inua taa, bosi."

"Nimeinua."

"Juu zaidi. Hapo unamwangazia Yvan."

Pini tatu zilikuwa zimetoka. Mbili zilikuwa zinagoma bado, na nyundo ilikuwa zamu ya Maryse.