Masale Jukwaani

Jumba la mikutano la pale mjini Arusha nililipita miaka mingi nikitamani jambo moja tu, kulipamba. Harusi za mtaani Ngarenaro nilishazipamba zote. Siku msimamizi aliponipa ukumbi mkubwa kwa mkutano wa wakulima wa kahawa, alinionya kwamba ananijaribu, nikiharibu nisirudi tena. Nikamwambia aandae macho.

Asubuhi ya mkutano nikaletewa mawaridi yamenyauka, yamelegea kama mlenda. Nilichemka! Nikakimbilia Tengeru kwa mama mkwe, Mmeru mwenye kahawa na migomba yake, nikampa shikamoo na msiba wangu kwa pamoja. Mpaka wa shamba lake umejaa masale, majani marefu ya kijani kibichi. Mimi ni mtu wa Singida, kwangu ule ulikuwa ua wa shamba tu. Nikaomba nikate. Akauliza kama yataonekana na wakulima wote, nami nikasema wote.

"Kata," akasema. "Kata hata yote."

Kisha akaingia ndani kuvaa, maana naye alikuwa mjumbe wa mkutano huohuo.

Nikalijaza jukwaa masale, na mbele ya kila kiti cha kiongozi nikalaza jani moja. Msimamizi alipita akauliza kama nimepamba au nimeotesha kichaka. Nikaendelea kupanga.

Mchana wakulima wakaingia wamefura. Viongozi wa ushirika wao walikuwa wameuza kahawa bila kuwauliza, na kila mtu alikuja na maneno yake mdomoni. Walipoliona jukwaa, kelele zikazimika. Mzee mmoja akavua kofia. Nikajua nimekwisha. Mhudumu wa mlangoni, binti wa Kichaga, akaninong'oneza kwamba kwao na kwa Wameru, sale hutolewa na mtu anayeomba msamaha, na anayepewa hakatai.

Mwenyekiti wao akapanda jukwaani na hotuba yake ya kujitetea mkononi. Akaliona jani. Akautazama ukumbi, watu wote wamesimama wanamsubiri. Akaikunja ile hotuba, akalishika sale kwa mikono miwili.

"Tumewakosea," akasema. "Tunaomba mtusamehe."

Jamani, vigelegele vya siku ile! Akina mama wa Meru walianza wimbo, wazee wakaitikia, na wale waliokuja kugombana wakapanda jukwaani kushikana mikono na viongozi wao. Mimi nililia na kucheka palepale mlangoni, nikiwa na mkasi mkononi.

Msimamizi akaja ananyata, akaniambia kumbi zote za mwezi ule ni zangu.

Nje nikamkuta mama mkwe ananyoosha kanga yake kana kwamba hajui lolote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia maana ya yale majani.

"Ningekuambia," akasema, "ungeogopa kuyaleta."