Nyumba Yenye Mwanamume

Hasira zangu na wazee wa kijiji kile hazijaisha, na wala sina haja ziishe.

Nilitoka Mombasa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mtafiti mgeni, nikaja Shinyanga kukaa mwaka mzima nikikusanya nyimbo za kulimia. Wenyeji wangu mjini walikuwa wameniahidi nyumba. Nilipofika, upepo ulikuwa umeshaiezua. Wakanipakia kwenye lori la chumvi, wakanitua kijiji kimoja upande wa Tinde, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na chumba cha ziada.

Mvua naijua, mimi mtu wa pwani. Lakini ile ilikuwa ugomvi, wallahi. Radi inapasuka juu ya bati, nami nimekaa kitandani nimekumbatia kinasa sauti changu, mama ananicheka huku akinisogezea sahani ya michembe, vile viazi vyao vya kukausha. "Utazoea, mwanangu," alisema. Asubuhi akanifundisha kusalimia Kisukuma. Nikawa napita njiani nikigawa "mwangaluka" kwa kila mtu, nikiitikiwa kwa vicheko, nikajiona nimeshakuwa mwenyeji.

Alasiri moja, mvua ikiwa inamwagika, filimbi zikalia. Ule ni mwano, wito wa hatari, na sheria yake ni moja: kila nyumba itoe mtu. Wezi walikuwa wameswaga ng'ombe wa watu. Niliruka nikatafuta viatu. Mama akanisukuma chumbani, akafunga mlango kwa kufuli kutoka nje.

"Ukikutwa porini na matope miguuni, na hujui kujibu Kisukuma, watakupiga mishale wewe!" alinipigia kelele, kisha akakimbilia mwanoni, kanga kichwani. Nilipiga ule mlango mpaka mkono ukavimba. Alirudi jioni akitetemeka kwa baridi, akanifungulia, akaenda kuwasha moto.

Kesho yake wazee wa ulinzi walikaa barazani kwetu. Mkubwa wao, mzee mrefu mwenye koti la mvua la kijeshi, alisema nyumba hii haikutoa mtu mwanoni. Nikadhani nimesikia vibaya. Mama si alikwenda? Walimwona!

"Zamani nyumba ilikuwa ya mwanamke, tulikuwa tunamvumilia," alisema. "Sasa ina mwanamume. Mwanamume alibaki ndani."

"Nilifungiwa!" nilisema.

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Mjane amemficha mwanamume."

Hebu nambie, mtu afanye nini na watu hao? Mama hakujitetea. Walimtenga mpaka mvua zikatike: asisalimiwe, asiuziwe, asipewe moto, asisagiwe. Mimi eti hawakunihukumu, maana ni mgeni. Lakini na "mwangaluka" yangu ikakosa mwitikiaji. Nilipeleka mahindi yake mashineni, msagaji akatazama ukuta. Nikamtukana matusi ya Mombasa yote niliyoyajua. Alizima mashine, akatoka nje kuvuta sigara.

Nikamwambia mama nitahama, labda adhabu itafutwa. Akakasirika yeye sasa. "Uhame uende wapi na mvua hii? Watasema nimefukuza mgeni. Shika mchi." Tukawa tunatwanga kwa zamu, mikono yangu ya kushika kalamu ikitoka malengelenge.

Kisha dhoruba ikaangusha jiko lake. Majirani walisimama milangoni kwao wakitazama tukivuta miti na udongo, na hakuna aliyeinua mguu. Watu wazima, hawana haya!

Wiki hiyo hiyo, mchana, upepo ukarudi na filimbi zikalia tena. Nyumba ya yule mzee wa koti ilikuwa imelala chini, na wajukuu wamo ndani. Mama akachukua jembe.

Nikamzibia mlango. "Huendi! Wewe walikuja kukusaidia jiko lilipoanguka?"

"Mimi sikupiga filimbi," alisema. "Toka hapo."

Akanipita. Kufuli aliiacha inaning'inia kwenye msumari. Nilisimama nikiwalaani wazee wote wa Usukuma, kisha nikachukua sepetu nikamfuata, nimenuna.

Tulifukua mpaka watoto wote wakatoka, wanalia, wazima. Mmoja nilimvuta mguu mimi mwenyewe kutoka chini ya boriti ya paa. Kazi ilipokwisha, mzee, koti limechanika, akaanza kuita nyumba moja moja kama ilivyo desturi yao. Akafika kwetu. "Nyumba ya mjane!"

Mama alikuwa amesimama mbele yake kabisa, matope mpaka kifuani. Akanisukuma na kiwiko, nijibu mimi.

"Ipo," nilisema.

Mzee akaitika kwa kichwa, akanitazama mimi. "Kesho leteni mahindi mashineni."

Watu wakaanza kunisalimia, kunishika mkono, kunipiga mabega. Wanawake wakacheka na mama. Mimi nilikuwa na furaha kama mjinga, njia nzima ya kurudi nikimwambia mambo yamekwisha, tutasagiwa, jiko watalijenga. Yeye alitembea mbele yangu na jembe begani, mvua ikimwosha matope mgongoni.

"Siku ile ya ng'ombe," alisema bila kugeuka, "mzee alipoita nyumba, nilisimama mbele yake vile vile."