Kamba ya Katani Mlangoni kwa Jirani

Kipindupindu kilipofika kijijini kwetu nilikuwa mwalimu mgeni bado. Nasema kwetu kwa mazoea tu. Kwetu hasa ni Shinyanga mjini, katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walitoka pwani, na Kisukuma nilichokuwa nacho kilikuwa cha dukani: salamu, bei, na matusi machache. Serikali ilinipeleka kufundisha kwenye kijiji kimoja cha barabarani, kati ya Geita na Chato, na huko nikagawiwa nusu ya nyumba ya walimu. Nusu nyingine alikaa mwalimu mwenzangu, msichana kama mimi, wa upande wa Kolandoto, Msukuma wa kuzaliwa, mcheshi, anayejua kuongea na kila mtu.

Watu wa kijiji kile walikuwa wamehamishiwa pale miaka michache tu iliyopita. Zamani kila mji ulikuwa peke yake na ng'ombe wake, na mtu akiugua, wa mbali walipata habari ameshapona au ameshazikwa. Sasa nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango wa huyu unatazama uani kwa yule. Kila mtu alijua jirani yake amepika nini. Nadhani hawakuwa wamezoea bado kuonekana namna hiyo, na mimi sikuwa nimezoea kuona.

Ugonjwa ulianzia ziwani, kwa wavuvi. Shule ikafungwa, madarasa mawili yakageuzwa kambi ya wagonjwa. Bwana Afya akaja na Landrova, akatukusanya uwanjani, akatoa masharti. Maji yachemshwe. Pombe isipikwe. Misiba isikusanye watu, na maiti aoshwe na watu wa afya peke yao. Nyumba ambayo mtu wake ametoka penye ugonjwa ikae karantini: asitoke mtu, asiingie mtu, na majirani wawapelekee maji na chakula mpaka mlangoni. Kisha akatugeukia walimu.

"Nyinyi mna macho," akasema. "Mkiona familia inakaidi, msikae kimya."

Nyumba ya kwanza kufungwa ilikuwa ya jirani yetu. Mama mwenye nyumba tulimwita Mayu, kama kila mtu alivyomwita, neno lao la mama. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alikaa na baba mkwe wake, mzee sana, na mtoto wake wa kiume aliyekuwa ameoa karibuni. Huyo kijana alikwenda kuzika rafiki yake huko ziwani, akarudi mzima, lakini Bwana Afya hakutaka maneno. Alifunga kamba ya katani kukatiza njia ya kuingilia uani, akaning'iniza kipande cha kitambaa chekundu katikati.

Nilimpenda Mayu. Nilipofika kijijini, yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kupika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, bila kuvifanya uji. Kila asubuhi alituletea maziwa katika kibuyu kidogo. Hata baada ya kamba kufungwa aliendelea. Aliyaweka juu ya jiwe, upande wetu wa kamba, akaondoka.

Yale maziwa ndiyo yaliyonifungulia mlango wa wasiwasi. Mwenzangu aliyanywa. Mimi niliyamwaga nyuma ya choo, nikarudisha kibuyu kitupu na shukrani nyingi.

Baada ya hapo kila kitu kilinitia shaka. Moshi wa nyuma ya nyumba ya Mayu haukukatika tangu asubuhi hadi jioni. Watu wanne wanapika nini mchana kutwa? Nyuma ya ghala la mahindi zilianikwa nguo, zikaanuliwa, zikaanikwa nyingine. Alfajiri moja nikifagia uwanja, nilimwona Mayu mwenyewe anainama na kupita chini ya kamba, ndoo kichwani, anashika njia ya kijitoni. Hakwenda kisimani kando ya kijito, tunapochota sote. Alikwenda juu zaidi, kwenye vichaka. Ndoo aliibeba kama nzito wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi aliining'iniza mkononi.

Nilisimama na ufagio wangu nikihesabu maana ya jambo hilo. Mtu anayechota maji huenda na ndoo nyepesi.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa mwenzangu. Jioni alisimama kwenye kamba akaongea na Mayu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, wote wawili wakitazama upande. Siku moja nilidaka neno moja tu, neno la mgonjwa, nililolijua kutoka zahanati.

"Anasema nini?" nikamwuliza alipoingia.

"Nani?"

"Mayu."

"Ananiuliza habari za kwetu. Kama mvua imenyesha Kolandoto."

Alianza kupepeta mchele huku akiimba polepole. Nilimtazama mgongo wake. Tulikuwa tumekula sahani moja tangu nilipofika, na sasa nilijikuta nachota maji yangu ya kunywa kutoka sufuria nyingine.

Niliamua kumwendea Mayu mwenyewe. Nilisimama upande wangu wa kamba, nikaita. Akatoka akipangusa mikono.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwalimu."

"Hamjambo humo ndani?"

"Tupo."

"Naona nguo nyingi zinafuliwa. Kuna anayeumwa?"

Hakushtuka. "Za mzee," akasema. "Mzee hajizuii siku hizi. Umri."

Ilikuwa sababu ya kutosha. Mzee yule kweli alikuwa wa kubebwa. Nikawa naona haya, nikaanza kugeuka. Hapo ndipo nilipoona, kwenye kamba ya nguo nyuma ya ghala, kitenge cha rangi ya chungwa chenye maua makubwa, cha msichana. Mkwe wa Mayu nilimjua, na nguo zake nilizijua. Kile kitenge sikuwa nimekiona kabla. Mayu akafuata macho yangu. Akasogea kidogo, kama mtu anayetafuta kivuli, akasimama kati yangu na kile kitenge.

"Usimame mbali, mwalimu," akasema kwa upole. "Wamesema hii kamba ni ya kutulinda wote."

Utaratibu ulikuwa kwamba taarifa zianzie kwa balozi wa nyumba kumi. Nikaenda. Balozi alinipa kigoda, akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Nimesikia, mwalimu. Umefanya vizuri. Niachie mimi."

Nilingoja. Hakuna aliyekuja. Ila asubuhi iliyofuata hapakuwa na kibuyu juu ya jiwe.

"Leo Mayu hajaleta maziwa," mwenzangu akasema, akinitazama sawasawa. "Ulikwenda kwa nani jana?"

"Kwa balozi."

Akacheka bila furaha. "Balozi ni mdogo wake marehemu mume wa Mayu. Hukujua?"

Sikujua. Ningejuaje? Kila mtu pale alikuwa ndugu wa mtu, na hakuna aliyeniambia. Nikamwambia aache kunizungusha, aniambie kile nilichokuwa nafichwa mimi peke yangu. Alikaa kitandani kwake, akasema.

Ndani ya nyumba ya Mayu alikuwemo binti yake. Binti huyo alikuwa ametoroka nyumbani na mwanamume wa machimboni, mchimba dhahabu, bila ng'ombe kutolewa. Sasa alikuwa amerudi kwa miguu na mtoto mchanga mgongoni, anaharisha na kutapika. Aliingia kamba ikiwa imeshafungwa.

"Anaendelea vizuri," mwenzangu akasema haraka. "Anakunywa uji wa chumvi. Mayu anamtunza usiku na mchana."

"Kwa nini asimpeleke kambini?"

"Umeona nani aliyetoka kambini?"

"Wametoka. Wapo waliotoka."

"Wewe umewaona kwa sababu unajua wapi pa kuangalia. Mayu amemwona shoga yake amefungwa turubai, akazikwa na watu waliovaa viatu vya mpira. Hakuruhusiwa hata kumwaga udongo."

"Na zile ndoo? Anamwaga wapi?"

Akatazama mlango.

"Kijitoni," nikasema. "Juu ya watu wote."

"Choo chao kimejaa maji ya mvua. Amwage wapi, mlangoni kwako?" Akanishika mkono. "Sikiliza. Ukisema, watamchukua. Halafu wewe utakaa hapa na nani? Hawa ndio wanaotupa maziwa, hawa ndio watakaotubeba tukiugua. Mimi nitarudi kwetu siku moja. Lakini lugha yao ni yangu. Wataniuliza nilikuwa wapi wewe ulipokwenda kusema."

Nikamwambia nitafikiri. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kujua nitakachofikiri, na siku ile yote nilipotoka alitoka, nilipoingia akaingia. Nilipokwenda chooni nilimwona dirishani.

Tukapata habari kwamba upande wa chini wa kijito baba wa mwanafunzi wangu mmoja ameugua. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba, wakapita mbele ya nyumba yetu kwenda kambini. Binti yake, mwanafunzi wa darasa la tatu, alifuata nyuma akiwa ameshika kandambili za baba yake, moja kila mkono. Alinisalimia kama darasani, "Shikamoo mwalimu," na kuendelea.

Nilivaa viatu. Safari hii mwenzangu hakunifuata.

Bwana Afya nilimkuta mbele ya darasa la tano, ananawa kwa dawa mpaka kwenye viwiko. Nikamweleza niliyoyaona: nguo, moshi, ndoo, kitenge.

"Nani amekwambia kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

"Balozi anajua?"

Nikasita. "Mwulize balozi," nikasema.

Akanitazama kwa makini, na nikaelewa kwamba naye ananishuku. Huenda alidhani nina ugomvi wangu na yule mama, nimeona nafasi ya kuumaliza. Lakini Landrova ilikwenda.

Nilirudi kwa miguu, na nilipofika ilikuwa inaondoka. Binti wa Mayu alikuwa amelazwa nyuma, macho yameingia ndani, ngozi ya mikono imekunjamana kama ya bibi kizee. Kama ile ndiyo hali ya kuendelea vizuri, basi mwenzangu alidanganywa au alinidanganya. Mayu alikaa karibu yake na mtoto mchanga kifuani. Hakulia wala hakupiga kelele. Alinitazama tu wakati gari linapita, na nikainamisha kichwa kumsalimia. Hakuitikia.

Watu wa afya wakapulizia nyumba dawa, wakachoma mikeka na ngozi alizolalia mgonjwa. Majirani walisimama mbali wakiutazama ule moshi, halafu wakanitazama mimi.

Siku zilizofuata nilijifunza jinsi kijiji kinavyoweza kumfungia mtu kamba bila kamba. Nilipofika kisimani mazungumzo yaliisha. Ilisemekana ile dawa niliyosaidia kutia kisimani siku za mwanzo ndiyo iliyoleta ugonjwa. Ilisemekana nalipwa kwa kila mgonjwa. Mwenzangu alianza kuzungumza na watu kwa Kiswahili kila nilipokuwa karibu, kwa sauti kubwa na safi kama ya redioni, ili nisipate cha kushuku. Hilo liliniuma kuliko yote. Yeye ndiye aliyempelekea mzee wa nyumba ya Mayu uji kila siku.

Binti alipona. Waliwahi kumtia maji ya mshipa, na kichanga hakikuugua kabisa. Baba wa mwanafunzi wangu alifariki. Baadaye Bwana Afya alisema mbele ya mkutano kwamba yule baba huenda aliupata ugonjwa kwenye samaki wa ziwani, si kijitoni. Watu wakageuka kunitazama, kana kwamba hapo ndipo kesi yangu ilipoamuliwa. Mimi sijui ukweli. Hata yeye, nadhani, hakujua.

Mayu aliporudi tulikutana kisimani, sisi wawili peke yetu. Nikamwamkia. Safari hii aliitikia, akajaza ndoo yake, kisha akasema bila kuniangalia:

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Nilikuja, mayu. Nilikuuliza."

"Uliniuliza habari za nguo," akasema. "Hukuniuliza habari za mwanangu."

Nilitaka kumwambia kwamba angenidanganya vilevile. Huenda alilijua hilo, kwa maana alikaa kidogo kama anayenipa nafasi ya kulisema. Nikamsaidia kujitwika ndoo, akaenda zake.

Shule ilifunguliwa tena, na ilipofungwa kwa likizo nilipanda lori la kwenda Geita, nikasafiri nyuma pamoja na magunia ya mahindi. Njiani akapanda msichana na mtoto mgongoni, akaketi kando yangu. Ilinichukua muda kumtambua, kwa kuwa sasa alikuwa na mashavu. Alikuwa anarudi machimboni kwa mwanamume wake.

Baadaye akasema, kwa Kiswahili kizuri cha machimboni, "Siku ile ulipokuja kumwuliza mama, nilikuwa nakusikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango. Nilitaka kukuita. Mama aligeuka akanitazama, nikanyamaza."

"Ungeniita ningefanya nini?"

"Si ungeenda kusema?" Akatabasamu, akamweka mtoto sawa. "Ndicho nilichotaka."

Nilimshukuru. Lakini mpaka alipoteremka kwenye njia panda ya machimbo nilikuwa namtazama usoni, nikikumbuka kwamba Mayu hakugeuka hata mara moja wakati tunaongea. Alisimama palepale, kati yangu na kitenge, macho yake kwangu. Au labda aligeuka na mimi sikuona. Msichana alinipungia mkono kutoka chini, nami nikampungia, bado sijui kama ameniambia kweli au amenionea huruma.