Makopo ya mama: supplement za mifupa zilivyotaka kutuondolea mzazi huku zote zimeletwa kwa upendo

Wakuu, wenye kustahili shikamoo pokeeni shikamoo zenu. Wengine mambo vipi.

Naandika nikiwa kwenye kaunta ya duka langu la pembejeo hapa Biharamulo mjini. Mvua inapiga tangu asubuhi, hata mteja wa kuulizia bei tu hakuna, kwa hiyo leo mtaipata yote. Na sitii chumvi, maana haya nimeyaona kwa macho yangu na mama mwenyewe yupo, akisikia nimedanganya atanipigia simu.

Twende taratibu.

Kwetu ni Nyamiaga, wilaya ya Ngara. Tuko watoto watatu. Kaka Deo yuko Mwanza, dada Spesioza yuko Dar, na mimi kitindamimba ndiye niliye karibu. Baba alishatangulia. Mama amevuka sabini, anaishi pale nyumbani na shangazi Koleta, dada yake baba. Wajane wawili na migomba yao, wanabishana kutwa nzima na hakuna anayekubali kumwacha mwenzake.

Siku moja mama akainama kuokota mkungu wa ndizi. Si mkungu mkubwa. Akasikia kitu kimelia mgongoni, akabaki pale pale ameinama, hawezi kwenda juu wala chini.

Hospitali wakapiga picha, pingili ya mgongo imebonyea. Kaka Deo akamchukua hadi Mwanza, akapimwa uzito wa mifupa. Jibu: osteoporosis. Yaani mifupa imekuwa myepesi, ndani ina matundu matundu, ikiguswa kidogo inavunjika. Hapo ndipo tukakumbuka kwamba vitenge vyake vilikuwa vimeanza kuburuta chini. Sisi tulidhani fundi kakosea, kumbe mama ndiye anayefupika.

Daktari wa Mwanza akaandika kidonge cha kalsiamu yenye vitamini D, kimoja kwa siku, ale pamoja na chakula. Akasema pia ale ndagaa, maziwa, mboga za majani, atembee kidogo kidogo, aote jua. Deo akanunua kopo, mama akarudi Nyamiaga. Mambo yangeishia hapo tusingekuwa na uzi leo.

Sasa nieleze kitu kuhusu mama yangu, bila hicho hamtanielewa.

Nyumbani kwetu mgonjwa akiletewa kitu, anakionja. Ukileta uji anaonja uji wako, jirani akileta ndizi anaonja ndizi zake, hata kama ameshiba mpaka kooni. Kuacha kitu cha mtu bila kukigusa ni kumwambia mtu huyo kwamba mkono wake unanuka. Mama kwenye hili hana mchezo. Nimemwona akiumwa malaria, anatapika, halafu anaomba arudishiwe bakuli la mama fulani aonje japo kijiko.

Haya. Habari ikaingia group la familia. Dada Spe akasema hivyo vidonge vya Mwanza ni vya kawaida sana, yeye atatuma original kutoka nje. Likaja kopo kubwa, kifuniko cha dhahabu, maandishi yote Kiingereza. Mimi nikaona nitakuwa mtoto gani, nami nikatuma vitamini D, vile vidonge laini vinavyong'aa. Mama mmoja wa jumuiya, yupo kwenye hizi biashara za mtandao, akaleta unga wa mifupa wa kukoroga kwenye maziwa. Kwenye boksi kuna mzee anaruka kamba. Kha! Mzee wa umri ule anaruka kamba!

Kila mmoja wetu akipiga simu anauliza swali lile lile: "Mama, umekunywa?"

Na mama anajibu kweli: "Nimekunywa."

Miezi ikaenda. Mwanzoni alikuwa anaendelea vizuri, mgongo umetulia, anafika hadi kanisani. Halafu akaanza kudhoofika.

Kwanza choo kikawa kigumu. Halafu hamu ya kula ikaisha, kichefuchefu kila saa. Halafu kiu. Shangazi Koleta akanipigia simu, akasema, "Mama yako anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani, na kukojoa ndiyo usiseme." Tukasema sukari hiyo. Zahanati wakapima, sukari iko sawa kabisa.

Kiungulia nacho kikaja. Akawa anatafuna vile vidonge vya dukani vya kiungulia. Wekeni hicho akilini.

Wakuu, mnajua sisi watoto tulifanya nini baada ya kusikia mama anadhoofika? Tulimwongezea! Deo akasema mifupa inamla, apate dozi ya kutosha. Spe akatuma kopo lingine lenye nguvu zaidi. Kadiri alivyozidi kulegea ndivyo makopo yalivyozidi kufika. Huku mtaani maneno yameanza, kwamba yule mama si mgonjwa wa hospitali, kuna mkono wa mtu. Na kweli mkono wa mtu ulikuwepo, tena mikono mingi, yote ya kwetu.

Nikafunga duka nikaenda Nyamiaga kumwona.

Nikamkuta amekaa kitandani. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akaniangalia sana. Akaniita Veneranda. Veneranda ni dada yake, tulishamzika zamani.

Jioni tukasali rozari. Mama yangu rozari anaisali hata akiwa anapepeta maharage, hajawahi kukosea. Siku ile akafika katikati akanyamaza. Anashika punje, anaiachia, anaishika tena. Hajui yuko wapi. Shangazi akamalizia, mimi nikatoka nje nikalia, sioni aibu kusema.

Nilijua kabisa kwamba ninampoteza.

Kesho yake asubuhi hospitali. Daktari kijana, mpole, akamsalimia, "Shikamoo bibi," akamgusa ngozi ya mkono, akamwangalia ulimi. Akaniuliza anatumia dawa gani. Nikasema presha, na za mifupa. Akasema, "Dada, nenda nyumbani kaniletee kila kitu anachomeza. Hata kile ambacho ninyi hamkiiti dawa."

Nikarudi nyumbani, nikafungua kabati la vioo sebuleni, pale anapoweka vikombe vya wageni.

Jamani.

Makopo yamepangwa kwa mstari. La kwanza la Deo, maana ndiye mkubwa. La pili na la tatu ya Spe. La nne la kwangu. Mwishoni boksi la mama wa jumuiya, kwa kuwa ni jirani, si damu. Shangazi Koleta akaniambia hivyo ndivyo anavyoyanywa kila asubuhi baada ya sala, kuanzia la mkubwa hadi la jirani, hajawahi kuruka hata moja. Nikayatia yote kwenye kapu, na vile vya kutafuna vya kiungulia.

Daktari akayapanga mezani, akaanza kuyageuza upande wa maandishi madogo. Tukasoma pamoja. Mimi kusoma maandishi madogo ndiyo kazi yangu, mkulima akija na chupa mbili za dawa zenye majina tofauti, nageuza nyuma kuangalia kiambato. Mara nyingi ni dawa ile ile, ukichanganya unaunguza mahindi.

Na hapa ilikuwa hivyo hivyo. Kalsiamu. Kalsiamu. Kalsiamu. Vitamini D, ambayo kazi yake ni kuivuta kalsiamu iingie mwilini kwa wingi. Unga nao kalsiamu. Hata vya kiungulia, kalsiamu! Na kile kidonge chake cha presha, kinachomfanya akojoe, daktari akasema aina ile inazuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo. Yaani mama anajaziwa kwa mlango wa mbele, na wa nyuma umefungwa.

Damu ikapimwa. Kalsiamu iko juu mno, na figo zimeanza kushindwa kazi. Kiu ile, choo kigumu, kusahau watu, vyote vilitoka huko. Daktari akasema tungechelewa zaidi, figo zingekufa au moyo ungesimama.

Akalazwa. Makopo yote stop. Drip za maji moja baada ya nyingine, dawa ya presha ikabadilishwa, damu inapimwa na kupimwa tena. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimwangalia kama mtu anayengoja mbegu iote.

Asubuhi moja akafumbua macho akaniambia, "Mwana wanje, mwanangu, duka umemwachia nani?"

Uwiii! Nilicheka peke yangu wodi nzima ikageuka. Kama anaulizia duka, mama amerudi.

Alipopata nguvu nikamsema. Nikamwambia mama, kwa nini hukutuambia unakunywa yote? Akaniangalia kama mimi ndiye niliyepotewa na akili.

"Deo akipiga anauliza umekunywa. Spesioza anauliza umekunywa. Na wewe unauliza. Sasa ningeacha ya nani?"

Wakuu, nikatoka nje ya wodi nikawapigia Deo na Spe.

Tukafanya kikao kwa simu. Kikawaka moto. Dada Spe alikasirika, akasema tunataka kumtoa kwa mama, kwamba cha kwake ndicho cha maana kuliko vyote na ndicho tunachokitupa. Deo naye anajivuna, chake ndicho cha daktari. Nikawapigia kelele wote wawili, nikawaambia mama anakufa kwa sababu ya mashindano yenu, na mimi nimo. Spe akaanza kulia, nami nikalia, Deo akakata simu akasema network. Network gani!

Tukakubaliana: damu ikishakuwa sawa, atakachoandika daktari ndicho hicho hicho kimoja, tutakinunua kwa zamu, kitapita kwangu, na hakuna mtu kupeleka kingine. Hata mama wa jumuiya nilimfuata nikamrudishia boksi lake. Alinuna, akanuna mpaka Pasaka, sasa tunasalimiana.

Vipimo vikakaa sawa. Daktari akaandika aina moja, kiasi kidogo, kimoja kwa siku pamoja na chakula, na tarehe ya kurudi kupima. Nikapeleka kopo jipya Nyamiaga, nikarudi kazini roho nyeupe.

Wiki mbili baadaye shangazi Koleta ananipigia: mama hanywi.

Kopo limekaa kabatini, halijafunguliwa hata karatasi ya juu. Nikampigia. Akaniambia kwa utaratibu kabisa, "Hiyo ni ya nani?"

Nikasema ni ya wote.

Akasema, "Kitu cha wote hakina wa kumshukuru."

Mnaona mtihani huo? Mwanzo alikuwa anajiua kwa kunywa vyote, sasa mifupa inarudi kule kule kwa kutokunywa chochote. Nikabembeleza, daktari akamweleza, kasisi akamtania, wapi. Nikaona sasa hapa nimefika mwisho.

Aliyetatua ni mama mwenyewe. Alinipigia siku moja asubuhi, sauti ina furaha, akasema amepata. Kopo ni moja, lakini siku ni nyingi. Jumatatu kidonge ni cha Deo. Jumanne cha Spesioza. Jumatano cha kwangu. Alhamisi anarudi kwa Deo, hivyo hivyo hadi Jumamosi. Kimoja tu kwa siku, na anayehusika siku hiyo anapigiwa simu na kuambiwa, "Leo nimekunywa ya kwako." Spe akipigiwa Jumanne anakuwa mtu mzuri siku nzima, hata mumewe anakiri.

Kipimo cha mwisho kalsiamu iko sawa, figo zimepata nafuu. Anatembea hadi kanisani na fimbo, anaota jua na shangazi Koleta huku wanabishana. Rozari anaisali yote.

Sasa ushauri wangu, nao nausema bila kupepesa macho. Supplement si pipi, ni dawa. Kama mzazi wako ana tatizo la mifupa, mtu mmoja kwenye familia ajue kila kinachoingia mdomoni mwake, pamoja na unga, vya kiungulia na vile alivyopewa kanisani. Geuza kopo usome nyuma, jina la mbele ni la kuuzia. Siku ya kliniki beba kapu zima, presha, sukari, vyote, daktari aone kipi kinagombana na kipi. Asipewe zaidi ya alichoandikiwa. Na ukiona mzee anayetumia kalsiamu ana kiu isiyoisha, choo kigumu, anakojoa sana au anachanganya majina, usimwongezee kopo, mpeleke hospitali.

Ambao wazazi wenu wanatumia hivi vitu, semeni hapa mnawasimamiaje. Madaktari wa jukwaa, nilipokosea nirekebisheni, sina hasira. Mnaotaka kuniuzia unga wa mifupa PM, msijisumbue.

Kuna kitu kimoja nilikiruka. Mmehesabu? Watoto watatu, mara mbili kila mmoja, inabaki Jumapili.

Nilimuuliza mama, Jumapili ni ya nani? Nilidhani atasema ya mama wa jumuiya.

Akasema, "Ya baba yenu. Angekuwepo, naye angeniletea."