Gia Ndogo ya Gari la Nyuma

Baba alipostaafu kuendesha lori la majani chai, alinunua basi kuukuu la shule, akang'oa viti vyote, akaweka kitanda, meko ya gesi, sinki na kabati. Kwetu Kiptere watu walikuja kuangalia. Walilizunguka basi, wakachungulia madirishani, kisha wakamuuliza Mama kwa upole kama kulikuwa na ugomvi nyumbani. Hawakuelewa ni vipi mtu mwenye nyumba ya mawe na shamba la chai atake kulala ndani ya basi. Hata mimi, mtoto wake, sikuelewa vizuri. Baba alisema tu kwamba maisha yake yote ya kazi yalikuwa kutoka kituo cha majani kwenda kiwandani na kurudi, na sasa alitaka kuona zile barabara zinaishia wapi.

Miezi michache baadaye alileta gari dogo la fowili, lile linaloweza kuvuta kwa tairi zote nne, la zamani, lenye turubai juu. Basi lisingepita njia za matope, akaeleza, kwa hivyo lingebaki barabarani likiwa nyumba, na hili dogo lingewafikisha ndani. Swali lilikuwa nani angeliendesha, maana Mama hakuwahi kushika usukani. Baba alikuwa na jibu. Fundi mmoja wa kuchomelea kule Kapkatet alimtengenezea chuma chenye umbo la herufi A. Ncha yake ilishikwa na pini nene nyuma ya basi, na miguu yake miwili ikashikwa mbele ya gari dogo. Gari likavutwa hivyo, tairi zote nne chini, bila mtu ndani. Kwenye kona usukani wake ulijigeuza wenyewe. Niliwahi kuona mama mmoja akiweka debe lake la maziwa chini ili aliangalie vizuri likipita.

Kulikuwa na utaratibu wa kulifunga, na utaratibu huo Baba hakupenda kuufundisha. Nilijua kidogo tu: ufunguo ugeuzwe hatua moja ili usukani usijifunge, hendibreki itolewe, gia kubwa iwekwe nambari nne. Halafu kulikuwa na gia ya pili, fupi, karibu na goti la dereva, ambayo ndiyo huamua kama gari linavuta kwa tairi mbili au nne. Hiyo sikujua ikae wapi. Nilikuwa dereva wa basi la shule ya msingi. Najua basi. Mambo ya fowili yalikuwa yake.

Jumamosi ninayoikumbuka tulikuwa tunaenda Siongiroi. Shangazi yetu, dada yake Baba, alikuwa amepona ugonjwa mrefu na alikuwa ameandaa maombi ya shukrani Jumapili. Mama alitangulia siku mbili kabla ili kusaidia mapishi. Mimi nilikuwa nimepata likizo, kwa hivyo Baba aliniomba nimsindikize.

Asubuhi nilimkuta amesimama kati ya magari mawili, chuma tayari kimeshafungwa. Mlango wa gari dogo ulikuwa wazi na mkono wake ulikuwa juu ya ile gia fupi.

"Hii ni ya nini?" akaniuliza.

Nilifikiri ananijaribu. Ndivyo alivyonifundisha kuendesha, kwa maswali.

"Si ni ya fowili, Baba?"

"Ya fowili," akasema polepole, kisha akafunga mlango. "Haya. Leo endesha wewe."

Hapo nilichanganyikiwa kweli. Usukani wa basi lile hakuwahi kumpa mtu. Nilitaka kumuuliza kama anaumwa, lakini alikuwa ameshapanda na kukaa upande wa kushoto, mikono juu ya magoti kama abiria aliyelipa. Kabla ya kuondoka nilikumbuka blanketi la Mama lililobaki ndani ya gari dogo. Nikaingia nusu mwili, nikalivuta kutoka kiti cha nyuma, nikatoka. Kitendo hicho kidogo kilinisumbua baadaye.

Tangu tulipopita Kericho niliona kuna jambo. Kwenye kupanda, basi lilikuwa zito kama lori lililobeba majani yaliyonyeshewa. Kwenye kushuka, ambako nilitarajia lile la nyuma litusukume, tulikuwa tunashikwa. Nilishuka mteremko mzima bila kugusa breki sana. Nikasema, "Baba, naona basi linavutwa nyuma."

"Ni upepo."

Niliangalia mashamba ya chai pande zote mbili. Hakuna jani lililotikisika. Lakini huyo alikuwa Baba, mtu aliyeendesha barabara hizo mvua na jua bila kuangusha hata gunia, na mimi kazi yangu ni kupeleka watoto shule. Nikaamini upepo.

Kisha ikaja harufu ya petroli. Basi letu ni la dizeli. Nikafungua dirisha, nikafikiri ni gari lililo mbele yetu. Lilipokata kona kwenda kwao, harufu ikabaki na sisi.

Tulipoipita Litein, Baba akanyoosha kidole. "Kata kushoto. Hapa kuna njia ya mkato, inatokea Kapkatet."

Nikakata. Ilikuwa njia ya murram, isiyo na lami, kati ya chai, nyembamba, na mwanzoni nzuri. Yeye alikuwa anaongea sasa, amechangamka, ananiambia hapa lori lilikwama mwaka fulani, pale kuna mtu alikuwa na mbwa mkali. Nikafurahi kumsikia. Njia ikazidi kuwa nyembamba, tukateremka, tukapinda, na mbele yetu kulikuwa na kituo cha kupimia majani, kibanda cha mabati na uwanja mdogo, na nyuma yake mto. Njia ilikuwa imeisha.

"Daraja liko wapi?" Baba akauliza.

Mwanamke mmoja kati ya waliokuwa wakisubiri lori na vikapu vyao akaja dirishani. Akasema daraja hakuna, mzee, lilichukuliwa na maji zamani, kabla yeye hajaolewa huku.

Nilijaribu kurudi nyuma, na hapo nikajua kitu ambacho kila anayevuta gari kwa namna hiyo anakijua: huwezi kurudi. Ukirudisha basi, lile dogo halikufuati, linajikunja pembeni na tairi zake za mbele zinajigeuza zinavyotaka. Baada ya hatua tatu lilikuwa limesimama mshazari, pua ndani ya chai ya mtu, na chuma kimepinda kwa pembe mbaya. Nikazima injini. Nikashuka kuchomoa pini. Pini ikakataa. Nikaigonga kwa jiwe, nikaivuta, nikaitukana moyoni.

Wale akina mama wakaweka vikapu chini, wakaja kusukuma gari dogo ili pini ilegee. Walikuwa sita, watu wa kuinua vikapu vizito kila siku. Gari halikutikisika.

"Umefunga hendibreki," mmoja akaniambia.

Nikaangalia. Haikuwa imefungwa.

"Basi kuna mtu amelishika," akasema, na wenzake wakacheka, lakini akarudi nyuma kidogo.

Baba alikuwa ameshuka na kusimama kando, mikono nyuma. Nikamwendea. Nilitegemea anifokee kwa sababu ya kugonga pini na jiwe. Akaniangalia kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mgeni, akauliza, "Gari hili ni la nani?"

Nikajibu, "Ni letu, Baba," na yeye akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo lilikuwa jibu la kutosha.

Karani wa kituo alimpigia simu fundi wake wa Kapkatet, ambaye alikuja na pikipiki. Hakuhangaika na pini. Alinusa kwanza, akafungua mlango wa gari dogo, akaangalia chini karibu na usukani.

"Nani aliiacha hii kwenye tairi mbili?" akauliza. "Ukivuta gari hivi, hii gia ndogo lazima ikae katikati, isishike popote. Imeshika. Tangu mlikotoka tairi zimekuwa zikizungusha injini. Imekunywa petroli bila kuichoma, petroli imeingia kwenye oili."

Baba akasema, "Ni mimi."

Kisha akasema tena, chini zaidi, "Au si mimi."

Nikawaza blanketi. Nilikuwa nimepitisha goti langu palepale. Labda Baba aliiweka vizuri na mimi nikaisukuma. Nilifungua mdomo niseme, nikaufunga. Sikuwa na hakika, na sijui kama nilinyamaza kwa sababu hiyo au kwa woga. Fundi akasogeza gia kwa vidole viwili tu. Akina mama wakasukuma, gari likaenda kama toroli, pini ikatoka.

Tuliliacha pale kwa karani, fundi akiahidi kumwaga oili yake na kusafisha plagi. Basi nililigeuza peke yake. Kutoka hapo hadi Siongiroi Baba alilala, na mimi nilikuwa nikilisikia basi lilivyo jepesi, na kila mteremko ulinitisha kwa sababu sikushikwa tena na chochote.

Tulifika jua bado lipo. Mama alikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi anamenya viazi. Aliona basi, akaona nyuma yake hakuna kitu, akaacha kisu. Hakuuliza kama tumepata ajali. Aliuliza, "Ile gia ndogo, nani aliweka?"

"Kwa nini unauliza hivyo, Mama?"

Akanivuta hadi kwenye ghala la mahindi. Akaniambia kwamba tangu mwaka uliopita Baba alikuwa akiisahau. Mara ya kwanza aliikumbuka walipofika mbali kidogo. Mara ya pili hakuikumbuka, ila yeye Mama alikuwa amemwangalia akiiweka mara nyingi, kwa hivyo akaijua. Tangu hapo, kila walipoondoka, alijifanya amesahau kitu ndani ya gari dogo, akaingia, akaisogeza katikati, akarudi kukaa. Baba hakuwahi kujua. Au alijua. Hawakuzungumza.

"Ungeniambia mimi," nikasema.

"Ningekuambia nini? Kwamba baba yako amesahau gia? Nani hasahau gia?"

Nilikasirika, na sikujua nimemkasirikia nani. Nilifarijika pia kwamba haikuwa goti langu, kisha nikaona aibu kwa kufarijika, kwa kuwa kama lingekuwa goti langu basi Baba angekuwa mzima. Mama alirudi kwenye viazi vyake. Nikachukua kisu kingine, nikakaa karibu naye, tukamenya hadi sufuria ikajaa.

Kwenye maombi Baba alipewa nafasi ya kusema neno. Alisimama, akamshukuru Mungu kwa kumponya dada yake, na akamtaja kwa jina la mama yao, ambaye alishazikwa siku nyingi. Watu wakacheka kwa furaha, wakidhani anamsifu kwamba wanafanana. Shangazi peke yake hakucheka. Aliinuka, akamshika mkono, akamkalisha kando yake, na hakuuachilia ule mkono hadi chakula kilipoletwa.

Wiki ile tulimpeleka hospitali. Daktari alimuuliza maswali mengi, mengine ya kitoto, na Baba alijibu kwa utulivu hata yale aliyoyakosea. Tulirudi na dawa na ushauri wa kutomwacha peke yake. Funguo za magari zikahamia kwenye mkoba wa Mama.

Gari dogo lilipona kabisa. Shule zikifunga, ninaendesha basi na Mama ndiye anayefunga la nyuma, sasa bila kujificha. Anaingia, anasogeza gia katikati, anashuka, anasukuma gari kwa nyonga yake kuhakikisha linakwenda. Baba anasimama pembeni akimtazama. Mwezi uliopita alinigeukia, akaniambia kwa sauti ya kunong'ona, "Huyu mama anajua kazi. Alifundishwa na nani?"

Nikamwambia alifundishwa na dereva mmoja wa lori la majani. Akataka kujua kama dereva huyo bado yuko. Nikasema yuko. Akaridhika, akapanda basi, akakaa upande wa kushoto, na kabla sijawasha injini alikuwa ameshaanza kunionyesha njia.