Ijumaa za Dorkasi

Dorkasi hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, mguu mmoja ukitikisika. Mumewe alifariki mapema, akamlea mwanawe Zakaria peke yake kwa maharage na ndizi za shamba lao la mteremkoni, chini ya mwamba wa Irente.

Kwaresima ya mwaka 1953, yeye na wanawake watatu wa kijijini walikubaliana kufunga pamoja kila Ijumaa na kusali nyumbani kwa Yunis, mke wa mwinjilisti. Yunis alisoma zaburi, kisha wote walinyamaza kwa muda mrefu. Kimya hicho kilimtesa Dorkasi kuliko njaa. Mara atoke kutazama mbuzi, mara achochee moto.

"Kaa, dada," Yunis alimwambia. "Mungu hakimbii."

"Yeye hakimbii. Anayekimbia ni mimi."

Mwanzishaji wao wa nyimbo alikuwa Raheli, mdogo kuliko wote. Mumewe, Elia, alikuwa amepata kazi ya kusimamia matuta. Siku hizo serikali iliamuru kila shamba la mteremkoni lipigwe matuta ili mvua isichukue udongo, na watu waliichukia amri hiyo sana. Zakaria alikataa katakata kushika jembe. Elia akampeleka barazani kushtakiwa, na kijana akafungwa.

Ijumaa iliyofuata Raheli alipiga hodi kama kawaida. Yunis alitazama chini. Naomi, jirani yao, alisogeza kigoda chake akaziba nafasi. Dorkasi, mama wa mfungwa, alimpa mgongo. Raheli alisimama mlangoni kidogo, akageuka, akaenda zake.

Wakabaki watatu. Naomi alianzisha wimbo, ukawashinda, wakauacha katikati. Kilipofika kimya, Dorkasi alijaribu kumwombea mwanawe, lakini kila alipofumba macho alimwona Raheli pale mlangoni. Ijumaa moja ikapita hivyo, na nyingine. Ya tatu akasimama.

"Unakwenda wapi tena?" Naomi akauliza.

"Kwa Raheli."

"Kwa watu waliomfunga mwanao?"

"Naomi, ninafungaje huku nimemfungia mwenzangu mlango?"

Akatoka. Manyunyu yalikuwa yakidondoka na njia inateleza. Mara mbili alisimama akitaka kurudi. Alimkuta Raheli peke yake, akipukuchua mahindi, jiko halina moto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujapika?"

"Leo Ijumaa, dada. Nafunga."

Dorkasi alikaa, akasimama, akakaa tena. "Usidhani nimesamehe," alisema. "Hasira imenijaa mpaka kooni. Nimekuja tusali tu."

Raheli aliacha mahindi, akalia. Walipiga magoti, wakasali kwa Kishambaa, maana siku ile Kiswahili cha kanisani hakikumtosha Dorkasi.

Zakaria alipotoka kifungoni, habari kwamba mama yake anasali kwa Raheli alizipata njiani kabla hajafika nyumbani. Alifika tu kuchukua blanketi lake, akateremka kwenda mashamba ya mkonge ya Korogwe, bila kumuaga mama yake. Dorkasi alimfuata hadi barabarani, akachelewa.

Pasaka ilipita, lakini wanawake hawakuacha kufunga. Sasa walifunga kwa ajili ya Zakaria, arudi salama, na walisali nyumbani kwa Raheli. Yunis naye alijiunga nao huko. Naomi hakuja kamwe, na walipokutana naye kisimani aliwasalimu kwa mkato.

Ijumaa moja Elia aliingia wakiwa katikati ya sala, kofia mkononi. Akapiga magoti karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia aondoke.

"Bwana," akasema, "mtunze Zakaria huko aliko. Nami unihurumie."

Yunis na Raheli waliitikia amina. Dorkasi aliuma mdomo, akainuka, akatoka nje, akasimama uani akivuta pumzi kama aliyepanda mlima. Ijumaa iliyofuata Elia alikuja tena, akaomba maneno yale yale. Dorkasi alibaki ndani. Sauti yake ilitoka kwa taabu, imechelewa nyuma ya wengine, lakini alisema amina.