Sanduku Lenye Kufuli Mbili

Gari lilimshusha mgeni mbele ya geti lisilo na mlinzi, likageuza na kwenda zake. Safari yake ilikuwa bado mbichi, lakini daraja la mbele lilikuwa limekatika, na utingo alimshauri apange chumba kwenye mabanda ya zamani ya jeshi mpaka litengenezwe. Mgeni huyu alikuwa amelala katika miji mingi na kuomba maji kwa lugha nyingi, ila kambi yenye nepi zilizoanikwa kwenye mlingoti wa bendera ilikuwa ngeni machoni pake. Alifuata milango mpaka chumba alichoelekezwa. Ndani alimkuta mzee mmoja ameketi juu ya sanduku la mbao, koti mwilini, kofia gotini, kama abiria aliyewahi stesheni.

"Karibu ndani," mzee alisema. "Chumba ni chako. Mimi nahama leo, ila sanduku hili limenikalia kooni."

"Wewe ndiye uliyelikalia, Baba," sauti ya mwanamke ilijibu kutoka nje. Ni binti yake, aliyekuwa akifunga godoro kwa kamba kwenye lori dogo. "Dereva anataka kuondoka kabla jua halijachachamaa. Mkata vyuma yuko hapo dukani. Nimwite?"

"Thubutu!"

Mgeni alitazama sanduku. Komeo lake lilikuwa na tundu mbili, na kila tundu kufuli yake: moja imepakwa mafuta inang'aa, nyingine imeota kutu. Aliuliza ya nini yote hayo. Mzee akasogea kumpa nafasi ya kukaa, kwani viti vilikuwa vimeshapakiwa.

Jeshini alijulikana kama Sajini Kisigino, maana alikuwa fundi viatu wa kikosi. Alianza kazi katika jeshi la serikali ya zamani, ambalo watu waliliita Makoti kwa yale makoti yao mazito ya sufu, yaliyovaliwa hata kwenye joto la kuivisha mayai. Adui zao walikuwa watu wa msituni. Hao waliitwa Kandambili, kwa kuwa ndizo walizovaa vitani miaka yote, na miguu yao ilikuwa imetanuka kama majembe. Vita ilipochosha kila mtu, wakubwa walikaa, wakakubaliana, na majeshi mawili yakaamriwa kuwa moja.

Kuamriwa ni rahisi. Usiku wa kwanza bwenini, Makoti walilala upande huu na Kandambili upande ule, na hakuna aliyemgeuzia mwenzake mgongo. Ndipo kamanda mkuu mpya, mzee mpole waliyemwita Jenerali Miwani, alipotoa agizo lililowachekesha kabla ya kuwaudhi. Kila Koti apewe Kandambili wake. Wawili hao waitwe jozi, walale kitanda kimoja cha ghorofa, na wawe na sanduku moja lenye kufuli mbili, kila mmoja na ufunguo wake. Jozi tano zilifanya seksheni, seksheni tatu platuni, platuni tatu kombania, na kombania nne kikosi. Jeshi zima lilijengwa juu ya sanduku. Bunduki ulitembea nayo mwenyewe, lakini risasi zenu zilikaa humo ndani. Ukitaka kumpiga mtu risasi, ulihitaji kwanza ruhusa ya adui yako.

"Na kengele ya hatari ikilia?" mgeni aliuliza.

Sajini Kisigino alicheka mpaka akakohoa. Siku ya kengele ya kwanza ya majaribio, kombania nzima ilisimama uwanjani na bunduki tupu, kwa sababu nusu ya jozi zilikuwa zikigombana nani afungue kwanza, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama nje ya choo akigonga mlango. "Toka na ufunguo, we Kandambili, nchi inavamiwa!" Na kutoka ndani jozi yake akajibu, "Waambie wavamizi wasubiri, nimeshikika!"

Jozi yake alikuwa koplo mdogo wa umbo, mkali, aliyewaka kwa kuguswa tu. Walimwita Kibiriti. Buti za serikali hazikumwingia. Kwenye gwaride la kwanza alizivaa shingoni, kamba zimefungwa kama mkufu. Kisigino aliloweka ngozi, akaitanua kwa vipande vya mti, akaipiga nyundo, wapi! Vidole vya Kibiriti vilikuwa vimezoea uhuru. Basi kwa miaka mingi mmoja alishona na mwenzake alilalamika, na jioni Kisigino alimsomea Kibiriti, ambaye hakujua kusoma, barua alizoandikiwa na mkewe, huku akiruka zile sehemu za mapenzi mpaka apewe sigara.

Sheria nyingine ya Jenerali Miwani ilikuwa fupi: marufuku kumtajia mtu alikotoka. Ukisema "nyie Makoti" au "nyie wa msituni" kwa hasira, ulibebeshwa maji ya jikoni wiki nzima. Hivyo Kisigino alijua uzito wa kinywa chake. Lakini kikosi kilipovunjwa na vijana wapya kuhamishiwa kambi nyingine, alishona kwa siri buti za mwisho, pana mbele kama mdomo wa bata, ili Kibiriti azivae kwenye gwaride la kuagana. Kibiriti alizitazama, akaguna kwamba zinafaa kupandia maua, akaenda kwenye gwaride na kandambili zake. Kisigino alizitupa buti sandukuni. Waliporudi wakafunga kila mtu kufuli yake, na hapo akamwambia, "Wewe umetoka msituni, msitu haujakutoka."

Kibiriti alifunga mzigo wake usiku uleule. Aliondoka asubuhi iliyofuata na hakurudi tena, miaka nenda miaka rudi.

"Namdai radhi na yeye ananidai," mzee alisema. "Hapana, mimi nimdai nini? Nimekosea, yeye ndiye anayenidai. Na sanduku la jozi halihami bila jozi. Nikiliacha, nimemtupa. Nikilikata, nimemvunjia kufuli yake. Binti yangu alimpigia simu juzi. Akapokea mjukuu wake, akasema, 'Babu amesikia.' Basi. Amesikia."

Nje dereva alipiga honi. Binti aliingia, akamshika baba yake bega. "Baba. Hatakuja."

Kabla hajajibiwa, pikipiki ilisimama mlangoni kwa kishindo. Mzee mdogo, mkavu kama kuni, alishuka akimlaumu aliyemleta kwa kila shimo la barabarani. Mkononi alikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, na kila alipopiga hatua lilitoa mlio wa vyuma.

"Bado unavaa hilo koti?" alisema. "Kweli mavazi yanazeeka polepole kuliko mvaaji."

Sajini Kisigino alisimama. Kofia ilianguka chini. "Kibiriti. Ile kauli yangu..."

"Kauli gani?"

"Ya msituni."

"Ulinitukana kila siku, Sajini, nitakumbuka lipi?" Kibiriti aliinama, akamimina kopo sakafuni. Zilimwagika funguo: za shaba, za chuma, ndefu, fupi, zilizopinda, nyingine hazina hata meno. "Niliupoteza. Wiki ileile niliyoondoka, kwenye kuvuka mto. Ningerudi na uso gani? Kwa Jenerali Miwani ukipoteza ufunguo unavuliwa cheo mbele ya kikosi! Nikawa kila mnada wa vyuma chakavu napita, nanunua. Mmoja utaingia tu."

"Kumbe ndiyo maana..."

"Ulidhani nini?"

Walipiga magoti wote wawili, magoti yakalia kuliko funguo. Walijaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine, Kibiriti akiupuliza kila ufunguo kana kwamba una roho. Binti alivumilia, dereva alikuja kuchungulia, mgeni akawashikia taa ya simu. Kopo likaisha. Kutu haikutikisika.

Kibiriti alikaa kitako sakafuni, mikono mapajani. Alionekana mdogo zaidi. "Basi mwite huyo mkata vyuma," alisema taratibu. "Ila mimi nitasimama nje."

Sajini Kisigino alifungua kijisanduku chake cha kazi, akatoa bisibisi. "Nisaidie kuligeuza."

Nyuma ya sanduku, kwa nje kabisa, bawaba mbili zilikuwa zimeshikwa kwa parafujo za kawaida. Alizilegeza moja moja. Mfuniko ukaachia, ukafunguka kinyumenyume, kufuli zote mbili zikiwa zimefungwa vilevile.

Mgeni hakujizuia. "Mzee, ulikuwa unajua?"

"Kila mtu alijua," alisema Sajini.

"Kombania nzima," Kibiriti aliongeza. "Tangu usiku wa kwanza."

Ndani mlikuwa na sahani mbili za bati, brashi ya viatu iliyonyonyoka, blanketi lililoliwa na nondo, na buti. Kibiriti alizichukua bila kuguna. Akavua kandambili, akaingiza mguu wa kulia. Akaingiza wa kushoto. Akasimama, akakanyaga.

"Wa kushoto unabana."

"Unabana kwa kuwa hukuuvaa, mbishi wewe."

"Mi naona fundi aliupima akiwa na njaa."

Sajini alizirudisha bawaba, akakaza parafujo. Binti na dereva wakalibeba sanduku hadi kwenye lori, na Kibiriti, bila kualikwa, akapanda nyuma na buti zake. Binti alimshangaa.

"Na wewe, Baba mdogo, unakwenda wapi?"

"Sanduku la jozi halihami na mtu mmoja. Nitarudi kwa basi."

Sajini Kisigino alipanda akakaa upande wa pili, sanduku kati yao. Lori lilipita kwenye mlingoti wenye nepi, likakata kona kutoka getini. Aligeuka. Mgeni alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba kitupu, mkono juu.

"Dirisha lina kiburi!" Sajini alimpigia kelele. "Lisukume kwa kiwiko!"

"Kwa kiwiko cha kulia," Kibiriti alisahihisha.